Jinsi ya Kupima Kama Mradi wa Anga za Juu Umestahili Pesa Zake

"Kwa nini watu warushe roketi wakati wengine wanalala njaa?" Swali hilo likiulizwa hivyo halijibiki, kwa sababu linafunga gunia moja vitu visivyofanana: setilaiti ya kupima mvua, darubini ya kutazama nyota, roketi ya kupeleka watu Mwezini na vyombo vya kijeshi ambavyo bajeti yake haionekani. Vingine hulipa gharama yake mara kadhaa. Vingine ni mzigo kwa mlipakodi. Mwongozo huu ni wa anayeandaa mdahalo, anayeandika makala au anayehoji bajeti, na anataka hukumu anayoweza kuitetea kwa namba. Vifaa ni kikokotoo cha simu, ripoti mbili tatu za mradi mmoja, na jioni moja ya utulivu.

Anza na mradi mmoja wenye jina

Usipime "NASA" (shirika la anga la Marekani) wala "India". Pima Mangalyaan, chombo cha India cha Mirihi, pima darubini ya anga ya James Webb, pima setilaiti ya Kenya ya Taifa-1. Bajeti ya NASA ya mwaka 2024 ilikuwa takriban dola bilioni 24.9. Karibu nusu yake ilikwenda kwenye safari za binadamu, na chini ya theluthi ikaenda kwenye sayansi. Kwa hiyo anayetetea matumizi yote kwa kuonyesha picha za galaksi anatumia sifa za fungu moja kulipia deni la jingine, na anayepinga yote kwa kutaja bei ya roketi ya Mwezi anafanya kosa hilo hilo kinyumenyume.

Ukishachagua, andika sentensi moja: mradi ulikusudiwa kufanya nini, kwa manufaa ya nani, kwa muda gani. Ikiwa sentensi hiyo haipatikani kwenye nyaraka za mradi wenyewe, hilo tayari ni jibu la nusu.

Kusanya gharama yote, siyo ile ya gazetini

Bei ya gari likiwa bandarini Yokohama si bei yake likiwa na namba za Nairobi. Kuna meli, ushuru, usajili na fundi. Chombo cha anga ni hivyo hivyo, ila huku fundi hafiki kilipo. Tafuta kila fungu kati ya haya, na ukikosa moja liandike kuwa halikupatikana badala ya kuliacha liwe sifuri:

- usanifu na kubuni teknolojia ambayo bado haipo
- kuunda na kupima (kutikisa, kugandisha, kupasha joto, kuweka kwenye chumba kisicho na hewa)
- kurusha, pamoja na bima kama ipo
- kuendesha: wataalamu wa zamu, antena za ardhini, programu za kompyuta
- kuchakata na kuhifadhi data
- kukiondoa chombo kikishazeeka

Watu hudhani roketi ndiyo inayokula pesa. Mara nyingi sivyo. Bei ya kwenye orodha ya Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, imekuwa karibu dola milioni 70, wakati chombo cha utafiti wa sayari kinachobebwa hugharimu mamia ya milioni. Fungu linalosahaulika zaidi ni la mwisho. Juni 2024 NASA iliipa SpaceX mkataba wa hadi dola milioni 843 kwa ajili ya kuunda chombo kimoja tu, cha kusukuma Kituo cha Kimataifa cha Anga kianguke baharini salama kitakapomaliza muda wake. Hakuna aliyekiweka kwenye hesabu za miaka ya 1990.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata waandishi wazoefu: gharama ya nyongeza na gharama ya wastani. Kuhusu Space Shuttle, vile vyombo vya NASA vilivyobeba wanaanga na kurudi kutumika tena, NASA ilikuwa ikitaja takriban dola milioni 450 kwa safari. Hiyo ni gharama ya nyongeza, yaani unalipa nini ukiongeza safari moja wakati karakana, mnara na wafanyakazi tayari vipo. Chukua programu nzima, takriban dola bilioni 209 kwa thamani ya mwaka 2010, igawe kwa safari 135 zilizofanyika kati ya 1981 na 2011. Unapata zaidi ya dola bilioni 1.5 kwa safari moja. Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inafaa ukiamua kama safari moja zaidi ifanyike; ya pili inafaa ukihukumu kama programu ilistahili kuwepo. Anayetumia ya kwanza kujibu swali la pili anakuuzia kitu.

Pa kupata namba ngumu ni kwa wakaguzi. Machi 2022 Mkaguzi Mkuu wa NASA aliliambia Bunge la Marekani kwamba kila mrusho mmoja kati ya minne ya kwanza ya Artemis, programu ya kurudisha watu Mwezini, ungegharimu dola bilioni 4.1 kuunda na kuendesha, bila kuhesabu miaka ya kubuni roketi na chombo chenyewe. Kwa Kenya, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali zinafanya kazi hiyo hiyo, na ziko mtandaoni.

Pesa za miaka na nchi tofauti hazijumlishwi hivi hivi

Andika mwaka pembeni ya kila kiasi. Apollo, programu ya Marekani iliyopeleka watu Mwezini, ilitumia dola bilioni 25.8 kati ya 1960 na 1973. Shirika la Planetary Society lilipozigeuza kuwa dola za mwaka 2020, zilifika karibu bilioni 257. Ukiweka bilioni 25.8 kando ya bajeti ya leo, Apollo itaonekana ya bei poa, kumbe ilikuwa mlima. Kipimo kingine kisichotegemea mfumuko wa bei ni sehemu ya bajeti ya taifa: mwaka 1966 NASA ilichukua zaidi ya asilimia 4 ya matumizi ya serikali ya Marekani, na leo inachukua chini ya nusu ya asilimia moja. Anayeuliza kama leo Marekani inatumia kupita kiasi, aanze na namba hiyo ya pili.

Nchi nazo zina bei zake. Mangalyaan, chombo cha India kilichorushwa Novemba 2013 na kufika Mirihi Septemba 2014, kiligharimu rupia bilioni 4.5, na kwa kubadilisha kwa bei ya benki hiyo ilikuwa takriban dola milioni 74. Lakini mishahara ya wahandisi wa Bengaluru ililipwa kwa rupia na kununua vitu vya bei za India. Ukitumia kipimo cha nguvu ya ununuzi, tuseme rupia 20 kwa dola, kiasi hicho kinakuwa kama dola milioni 225. Bado ni rahisi, ila siyo muujiza.

Gawanya gharama kwa kazi iliyofanyika

Endelea na Mangalyaan, kwa sababu ndiyo mfano unaotupwa mezani katika kila mjadala: "India walifika Mirihi kwa milioni 74, Wamarekani wakatumia milioni 671." Hiyo 671 ni ya MAVEN, chombo cha NASA kilichofika Mirihi siku chache kabla yake. Sasa tazama kilichobebwa. Vifaa vya kisayansi vya Mangalyaan vilikuwa vitano, vyenye uzito wa takriban kilo 15 kwa jumla. Vya MAVEN vilikuwa na takriban kilo 65. Gawanya:

Mangalyaan: 74 ÷ 15 = karibu dola milioni 5 kwa kilo ya vifaa.
MAVEN: 671 ÷ 65 = karibu dola milioni 10 kwa kilo.

Tofauti ya mara tisa imeshuka kuwa mara mbili, na hizo mbili zinaelezeka kwa mishahara peke yake. Isitoshe, PSLV, roketi iliyoirusha Mangalyaan, ilikuwa ndogo, kwa hiyo chombo kililazimika kubaki katika mzingo mrefu uliokipeleka mbali sana na sayari kila mzunguko, wakati MAVEN ilikuwa ikichovya karibu na hewa ya juu iliyotumwa kuipima. Je, India ilipoteza pesa? La. Lengo lake la kwanza lilikuwa kujifunza kufika, na ilifika kwa jaribio la kwanza. Ndiyo maana ile sentensi uliyoiandika mwanzoni ina kazi: pima kwa lengo lililotajwa, usipime kwa lengo la jirani.

Kigawanyo kingine ni miaka. Kigari cha Opportunity kilitua Mirihi Januari 2004 kikiwa na kazi ya siku 90 za huko. Kilifanya kazi hadi 2018. Darubini ya James Webb iligharimu karibu dola bilioni 10 na ilipangiwa kudumu kama miaka 10. Roketi ya Ariane 5 iliyoirusha kutoka Kourou tarehe 25 Desemba 2021 iliilenga vizuri kiasi kwamba mafuta ya kurekebisha njia yalibaki mengi, na sasa yanatosha kwa zaidi ya miaka 20. Kwa hesabu ya haraka, gharama ya ujenzi kwa kila mwaka wa kazi ilishuka kutoka dola bilioni moja hadi nusu bilioni kwa sababu ya asubuhi moja ya urushaji mzuri. (Gharama za kuiendesha kila mwaka ziko pembeni, na zinaongezeka kadiri inavyoishi.) Kwa hiyo hukumu ya mradi unaoendelea iwe na tarehe, nawe uirudie baada ya miaka michache.

Kwa nini makadirio huharibika

Webb ni darasa zima la jinsi namba zinavyovimba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilizungumzwa kwa dola bilioni moja au pungufu, na kurushwa mwaka 2007. Ilichelewa miaka 14. Sababu ya kwanza ni kwamba makadirio yalitolewa wakati teknolojia kadhaa zilizohitajika hazijawahi kuundwa na mtu yeyote. Ya pili ni ya kawaida zaidi. Jopo huru lililochunguza mradi mwaka 2018 lilikuta makosa ya kibinadamu yenye aibu: vali za mfumo wa kusukuma chombo zilisafishwa kwa kemikali isiyo sahihi zikaharibika, kifaa kingine kikapewa umeme mwingi kupita kiasi, na baada ya jaribio la kelele, skrubu na washa zilikutwa zimedondoka kutoka kwenye kifuniko cha kinga ya jua, maana nati hazikukazwa ipasavyo. Kinga hiyo ina matabaka matano membamba, kwa hiyo kila kipande kilichodondoka ilibidi kitafutwe kisije kikanasa humo. Jopo likahesabu kuwa makosa hayo yaligharimu takriban dola milioni 600 na mwaka mmoja na nusu.

Nati na washa zenyewe ni za bei ya soda. Pesa zilikwenda kwa watu. Timu ya wataalamu haiwezi kupewa likizo bila malipo kisha iitwe tena, kwani wangeondoka na ujuzi wao. Kazi ikisimama, mishahara inatembea, na hiyo ndiyo injini ya gharama karibu kila mradi mkubwa unapochelewa.

Unaposoma makadirio, kwa hiyo, uliza mambo matatu. Yalitolewa kabla au baada ya mapitio ya usanifu wa awali? Yakiwa kabla, yachukulie kama matumaini. Yana uwezekano gani wa kutimia? NASA imejiwekea kanuni ya kupanga bajeti ya miradi yake mikubwa kwa uwezekano wa asilimia 70. Mradi usiotaja asilimia yoyote huenda umepangwa kwa kila kitu kwenda sawa. Na akiba ya dharura ni kiasi gani? Mradi wenye teknolojia mpya na usio na akiba umeshaongezeka bei, ila haujatangaza.

Faida: weka mafungu matatu na usiyachanganye

Fungu la kwanza ni faida yenye bei. Hapa setilaiti za kutazama Dunia hazina mpinzani. Taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, ilikadiria kuwa picha za Landsat, setilaiti za Marekani za kupiga picha ardhi, ziliwapa watumiaji manufaa ya dola bilioni 3.45 kwa mwaka 2017 pekee, wakati Landsat 8 iligharimu takriban dola milioni 855 kuunda na kurusha. Makadirio hayo hutokana na kuwauliza watumiaji wangekuwa tayari kulipa kiasi gani, kwa hiyo yapunguze upendavyo. Hata ukikata nusu mbili, mradi bado unasimama. Ila kumbuka sharti lake. Zamani picha moja ya Landsat iliuzwa kwa takriban dola 600, nayo ilitumiwa na wachache. Zikafanywa bure kuanzia 2008, na matumizi yakalipuka. Setilaiti ni zile zile. Kabla ya kukubali faida yoyote iliyotajwa, angalia data inapatikanaje, na nani ana ruhusa.

Faida hiyo mara nyingi humfikia asiyelipa. Mwaka 2010 huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ilianzishwa bima ya mifugo inayotegemea kipimo cha ukijani wa malisho kinachosomwa na setilaiti. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa kwenye mkataba, mfugaji analipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti zililipiwa na Mmarekani. Ukipima kwa mfuko wa mlipakodi wa Ohio, manufaa hayo hayaonekani; ukipima kwa watu wote, yanaonekana. Amua mapema unapima kwa jicho la nani, na uandike.

Fungu la pili ni ujuzi usio na bei. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kutazama anga kwa miale ya eksirei. Ilitoa orodha ya vyanzo 339 na kusaidia kuonyesha kuwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Ina thamani ya shilingi ngapi? Usibuni namba. Eleza kilichojulikana ambacho hakikujulikana, eleza kama kingejulikana kwa njia rahisi zaidi (eksirei hazipenyi hewa ya Dunia, kwa hiyo kutoka ardhini isingewezekana), kisha acha msomaji apime. Kwa nchi mwenyeji ongeza mstari mwingine: Ngomeni iko karibu na ikweta, ambako Dunia inazunguka kwa kasi ya karibu mita 465 kwa sekunde, na roketi inaichukua kasi hiyo bila kuchoma mafuta. Huo ulikuwa mchango wa Kenya, nao unastahili kuwekwa kwenye hesabu upande wa gharama kama mtaji, si kama ukarimu.

Fungu la tatu ni porojo, na ndilo nene kuliko yote. Teflon iligunduliwa mwaka 1938, Velcro ni ya Mswisi George de Mestral, na kinywaji cha Tang kilikuwa cha kampuni ya chakula. Hakuna kilichotokana na NASA. Kilichotoka kweli huko ni aina ya kihisi cha picha iliyobuniwa na timu ya Eric Fossum kwenye JPL, maabara ya NASA, miaka ya 1990, ambayo vizazi vyake vimo kwenye kamera ya simu yako. Madai ya "kila dola ilirudisha dola saba" yaache mlangoni mpaka uone njia ya hesabu. Na nafasi za kazi? Mishahara ni gharama. Imeshahesabiwa upande wa kushoto. Haiwezi kuhamia kulia ikaitwa faida.

Pesa zingekwenda wapi?

Hoja ya "hospitali badala ya roketi" inahitaji ushahidi kwamba hospitali ilikuwa kwenye foleni. Safari tatu za mwisho za Apollo zilifutwa mwaka 1970, na sehemu za roketi za Saturn V zilizokwisha kuundwa ziko kwenye maonyesho. Fuata pesa kwenye bajeti za miaka iliyofuata uone kama fungu la maskini liliongezeka kwa sababu hiyo. Kwa kawaida pesa zilizokatwa hurudi kwenye mfuko mkuu na kupotelea humo.

Kwa nchi ndogo foleni ni fupi na swali ni kali zaidi. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa Falcon 9 kutoka California, iliripotiwa kugharimu shilingi milioni 50. Kwa Wakenya milioni 50 hivi ni shilingi moja kwa kichwa, kwa hiyo lawama za "matumizi ya anasa" hazina uzito. Swali gumu liko kwingine: setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 zinatoa bure picha ambazo kila nukta yake ni mita 10, kila baada ya siku chache. Chombo cha sentimita 10 kwa 10 kwa 30 hakitashindana nazo kwa picha. Kinachoweza kukihalalisha ni wahandisi waliojifunza kukibuni, kukipima na kukiendesha. Kwa hiyo usihesabu picha. Ulizia wahandisi hao wako wapi sasa, wameajiriwa na nani, na kama bajeti ya mwaka uliofuata ilikuwa na mishahara ya wachambuzi wa data. Fungu hilo likikosekana, hata shilingi moja ilikuwa nyingi.

Mradi ukiwa nusu ya njia

Hapa hesabu inabadilika, na hapa ndipo wanasiasa hupotea zaidi. Pesa zilizokwisha kutumika haziwezi kurudi, kwa hiyo ziondoe. Linganisha kiasi kilichobaki na kazi itakayofanyika.

Julai 2024 NASA ilitangaza kufuta VIPER, kigari cha kutafuta barafu kwenye ncha ya kusini ya Mwezi. Kilikuwa kimekwisha kuunganishwa chote, kimetumia takriban dola milioni 450, na kukifuta kungeokoa angalau dola milioni 84. Mwaka 2025 shirika likabadili mawazo na kukitafutia usafiri kwa chombo cha kampuni ya Blue Origin. Aliyeandika "milioni 450 zimepotea" na aliyeandika "milioni 84 zimeokolewa" wote walikuwa na namba sahihi. Iliyopaswa kuwekwa kwenye mizani ni hiyo 84, pamoja na hatari ya kutua vibaya, dhidi ya ramani ya barafu ambayo kila nchi inayopanga kwenda kusini mwa Mwezi inaihitaji.